Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam: tuchorewe njia za kuendeshea nje ya lami

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam; kwa Wakurugenzi wa Jiji na wa manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Nakala kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

YAH: NJIA MAALUMU ZA PIKIPIKI NA VYOMBO VYA RAFU RODI

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tegeta. Siku sita za wiki nashinda na injini za bodaboda. Siku ya saba, Jumapili alfajiri, tunakusanyika watu kumi hadi kumi na tano. Wengine wana pikipiki za Yamaha DT na Honda XL za zamani zilizowahi kuwa za mabwana shamba, wengine wana pikipiki za Kichina za cc 150 tulizozibadilisha shokapu na tairi, wawili watatu wana zile za magurudumu manne. Tunaiacha lami, tunakwenda kutafuta mchanga, vilima na tope. Ndiyo starehe yetu. Nawaandikia kwa sababu starehe hii, kwa namna inavyoendeshwa sasa, inaumiza watu na inaumiza ardhi, na mimi ni mmojawapo wa wanaoumiza.

Masika ya mwaka juzi tulikwenda Kigamboni, upande wa kuelekea Kimbiji. Njia tuliyoizoea ilikuwa imejaa maji, tukakata kulia kwenye uwazi tuliodhani ni pori. Halikuwa pori. Niliposimama kuwasubiri wenzangu nikamwona bibi mmoja yuko katikati ya matuta ya mihogo, ameshika shina lililokatika. Mizizi yake ilikuwa bado myeupe, unene wake kama kidole gumba. Nikazima pikipiki, nikavua helmeti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hapa mmepaona barabara?"

Sikuwa na jibu. Tulihesabu pamoja naye: matuta manne, mashina thelathini na saba. Tulichanga tukamlipa, akapokea, lakini akasema hapiti mtu na chombo cha moto tena pale. Tukazisukuma pikipiki kwa mikono mpaka tulikotokea, tukifuata alama za tairi zetu wenyewe. Pikipiki ya kilo mia na ishirini kwenye udongo wa mihogo ulioloa maji ni mzigo, na nilikuwa na muda mrefu wa kuangalia chini na kuona tulichokifanya. Matuta yale alikuwa ameyapiga kwa jembe la mkono.

Hakuna kibao kilichotuambia tusipite pale. Na kwa miaka yote niliyoendesha katika mkoa huu, sijawahi kuona kibao hata kimoja kinachotuambia tupite wapi.

Nilipoanza, Madale, Goba na Mabwepande zilikuwa bado na vichaka na vijia vya wakata kuni. Leo ni viwanja, kuta na mageti, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, watu wanajenga makazi. Lakini kila mtaa mpya unatusukuma mbali zaidi, na tunakosukumiwa ni kule ambako nyumba haziruhusiwi: ufukweni, kingo za mito, pembezoni mwa misitu. Maana yake ni kwamba vyombo vya moto vinahamia taratibu kwenye maeneo yale yale ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayalinda. Sheria hiyo inaweka mita 60 kutoka baharini na kutoka kingo za mito kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kudumu. Pikipiki si shughuli ya kudumu, mtu anaweza kujitetea hivyo. Ila inayopita kila Jumapili kwa miaka kumi inadumu vya kutosha.

Chukueni fukwe za kusini mwa Kigamboni. Kule kasa hupanda usiku kutaga. Jike anachimba shimo, anaweka mayai yapata mia moja, anayafukia, anarudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka mchangani na kukimbilia maji. Tairi likipita juu ya kiota linaushindilia mchanga. Hata lisipokigusa kiota, mfereji linaouacha una kina cha kumshinda kitoto cha kasa, ambaye urefu wake ni kama kidole. Anatumbukia mle, anatambaa akiufuata mfereji badala ya kwenda baharini, na huko kaa au kunguru wanamuwahi, wasipomuwahi wao linamuwahi jua. Sisi tuliokuwa tunapita kwenye mchanga mgumu wa maji kupwa na kufurahia jinsi pikipiki inavyoteleza kwa wepesi, hatukuwa tunajua hilo. Aliyetueleza ni kijana mvuvi, na alituelezea kwa upole kuliko tulivyostahili.

Au chukueni vilima vya Pugu. Najua wapo wenzetu wanaotamani Pugu kwa sababu ya miinuko yake, na naomba niseme wazi kwamba mimi sipo upande wao. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa pwani wa zamani sana, na Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vile. Udongo unaochimbuliwa na tairi mteremkoni hauishii pale. Mvua inauchukua, mto unaushusha, na mwisho wa safari yake ni eneo la Jangwani, kwenye tope lile lile ambalo kila masika linafunga barabara na kuingia kwenye nyumba za watu. Msituchoree njia Pugu. Msituchoree msitu wa Pande pia. Tukiomba huko, tukatalieni.

Tunachoomba ni hiki: chagueni eneo ambalo tayari limekwisha kuharibika, choreni njia ndani yake, na mwekeni msimamizi anayelipwa kabla mwendeshaji wa kwanza hajaingia.

Maeneo ya namna hiyo tunayo. Kunduchi na Boko kuna mashimo ya kokoto yaliyochimbwa kwa miaka mingi. Kuna sehemu watu bado wanagonga mawe, na hao wasiguswe, ndiyo riziki yao. Lakini kuna sehemu zilizokwisha, zimebaki kuta za mawe, vifusi na madimbwi, ambazo leo hazimfaidishi yeyote ila ni hatari kwa watoto wanaokwenda kuogelea baada ya mvua. Kwa mkulima shimo lile ni hasara tupu. Kwetu sisi, mwinuko wa kifusi na mawe yaliyolegea ndivyo tunavyovifuata hadi Kimbiji kwa mafuta ya shilingi elfu ishirini.

Haya si mawazo ya kuota. Katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, kwenye milima iliyochimbwa makaa ya mawe kwa vizazi, bunge la jimbo lilianzisha mwaka 1996 mamlaka maalumu ya kusimamia njia za vyombo hivi, na mwaka 2000 njia za Hatfield-McCoy zikafunguliwa. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya kampuni binafsi. Mamlaka inaingia mkataba na wenye ardhi, na sheria inawakinga wasishtakiwe mtu akianguka. Kila mwendeshaji ananunua kibali, anavaa helmeti, anakutana na walinzi njiani. Leo njia hizo zimepita maili 1,000, na vimiji vilivyokuwa vinakufa baada ya migodi kupungua vinauza chakula, vitanda na spea kwa wageni. Sisemi Boko iwe West Virginia. Nasema shimo lililoachwa na mchimbaji linaweza kupata kazi ya pili.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikae chini niandike, yaani usimamizi. Naogopa sana uzinduzi. Naogopa siku ya utepe, turubai, spika na picha, kisha miezi sita baadaye njia imekuwa korongo. Njia ya tairi haifi kwa sababu ya tairi peke yake, inauawa na maji. Tairi linachimba mstari, mvua inaingia kwenye mstari ule, na kama mstari umeelekea moja kwa moja chini ya mlima, maji yanapata mwendo na kula udongo. Wiki inayofuata waendeshaji wanaukwepa ule mfereji, wanapita pembeni, unazaliwa wa pili, halafu wa tatu. Mwisho mlima mzima ni mistari kama mgongo uliochapwa viboko.

Dawa yake wazee wetu wa kilimo wanaijua kuliko sisi wa pikipiki, nayo ni makingamaji. Njia iukate mlima kwa ubavu, isiushukie kifua. Kila baada ya hatua kadhaa iwe na kituta cha mshazari kinachoyatoa maji pembeni kwenye majani kabla hayajapata nguvu. Upana uwe wa kiasi. Huko Marekani njia nyingi za pikipiki za magurudumu manne zina kizuizi cha inchi 50, yaani sentimita 127, ili gari lisipenye. Mwelekeo uwe mmoja ili watu wasikutane uso kwa uso kwenye kona. Na masika yakishika, kati ya Machi na Mei, njia ya udongo wa mfinyanzi ifungwe, ya mchanga iachwe wazi kwa sababu mchanga hunywa maji. Haya yote yanahitaji jembe, toroli na mtu wa kuyafanya kila Jumatatu baada ya sisi kupita. Mtu huyo hahitaji digrii. Anahitaji mshahara, buti na uwezo wa kukata kauli.

Uwezo wa kukata kauli nauwekea mkazo. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alitoa amri kwamba kwenye ardhi ya serikali kuu njia za vyombo hivi zipangwe mahali ambapo hazitaumiza udongo, wanyamapori na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza kwamba msimamizi akiona njia inaleta uharibifu mkubwa aifunge papo hapo. Na mwaka 2005 idara yao ya misitu ikageuza utaratibu mzima: kila msitu uchore ramani ya njia zinazoruhusiwa, na ambayo haimo kwenye ramani imefungwa, iwe na kibao au isiwe nacho. Huo mstari wa mwisho naomba muuchukue kama ulivyo. Sasa hivi kwetu ni kinyume. Pasipo katazo tunapita, na yule bibi wa Kimbiji hakuwa na kibao.

Kuna jambo jingine la usimamizi ambalo nimelijifunza kwa damu ya mwenzangu. Mwaka jana, kwenye moja ya mashimo hayo ya kokoto, kijana wetu wa miaka ishirini na mbili aliruka kituta, upande wa pili pakawa pamechimbwa tangu wiki iliyopita. Hakuna aliyejua. Mguu ulivunjika chini ya goti, mfupa ukaonekana. Tulipiga simu kuomba gari, na swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa la haki kabisa: mko wapi? Tulishindwa kusema. Ndani ya mashimo hakuna mtaa, hakuna mwembe unaojulikana, hakuna duka. Tulijaribu kueleza: ukitoka barabara kubwa, ingia pale penye nguzo, ukikuta kontena la bluu kata kushoto. Wakati mmoja wetu bado anaeleza, wengine tulivua jaketi mbili, tukazifunga kwenye miti miwili, tukambeba kijana mpaka barabarani tukampakia kwenye bajaji. Dakika hamsini. Anatembea leo, na anachechemea.

Nguzo zenye namba kila baada ya mita mia tano zingetosha. Nguzo ya zege, namba iliyopakwa rangi nyeupe, na karatasi yenye ramani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kituo cha polisi na hospitali ya jirani. Mtu anapiga simu anasema "nguzo ya tisa" na gari linajua pa kuingilia. Katika vyote ninavyoomba, hili ndilo la bei ndogo kuliko yote.

Fedha zitoke wapi? Kwanza zitoke kwetu. Kibali cha siku na kibali cha mwaka, vilipiwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kama malipo mengine ya serikali, asipokee mtu noti mkononi. Stika ibandikwe kwenye chombo, isiyo na stika irudishwe getini. Sehemu ya mapato ibaki kwenye serikali ya mtaa husika, kwa sababu kelele na vumbi watavibeba wao. Lakini naomba pia mlitazame suala la mafuta. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na kabla ya hapo tozo ya mafuta ilikuwa tayari inachangia Mfuko wa Barabara. Kwa hiyo lita ninayoichoma mchangani imelipia lami ambayo pikipiki yangu haikuikanyaga. Wamarekani waliliona hilo: tangu mwaka 1991 wana mpango ambao kodi ya mafuta yanayochomwa nje ya barabara inarudi kwenye njia za burudani. Na mgawo wake una busara. Asilimia 30 inakwenda kwenye njia za vyombo vya moto, 30 kwenye njia za wasiotumia vyombo vya moto, na 40 kwenye miradi ya matumizi mchanganyiko. Anayekimbia asubuhi na mwenye baiskeli wananufaika na petroli ya wengine. Hilo likishindikana kwetu mwaka huu, basi liandikwe tu mahali, lisisahaulike.

Najua kuna watakaosema huu ni mchezo wa matajiri na Wazungu wa Masaki. Waje Tegeta Jumamosi jioni waone nani anabadilisha tairi. Ni fundi, ni bodaboda, ni mwalimu wa shule ya msingi, ni kinyozi. Pikipiki nyingi zetu zinabeba abiria Jumatatu. Tena hapo kuna jambo ambalo mkoa ungelifaidi. Vijana wengi wa bodaboda wamejifunza kuendesha hapo hapo barabarani, katikati ya malori, na hawajawahi kufundishwa kusimama kwa ghafla kwenye changarawe au kuirudisha sawa pikipiki inayoteleza gurudumu la nyuma. Mimi ndiye ninayezipokea pikipiki zao baada ya ajali, na mara nyingine mpini una damu. Eneo likiwepo, siku za kazi asubuhi lingeweza kuwa uwanja wa mafunzo yao, bure, na sisi tunaoendesha Jumapili tutakuwa walimu. Nimeshawauliza wenzangu. Sita wamekubali.

Kuhusu kelele, malalamiko ya wakazi ni ya haki na sina cha kubishana nayo. Kuna vijana wanatoboa ekzosi makusudi ili ilie. Kule California pikipiki ya rafu rodi iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1986 haitakiwi kuzidi desibeli 96 ikipimwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi. Kipimo kama hicho kiwekwe getini, anayezidi arudi nyumbani akaifunge ekzosi yake. Saa za kuendesha ziwe na mwisho. Njia ikae mbali na shule, zahanati, msikiti na kanisa. Na kabla ya yote, tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe, wakazi waitwe kwenye mkutano wa mtaa, waelezwe kila kitu, wakikataa ikubalike kwamba wamekataa na litafutwe shimo jingine.

Kwa upande wetu, haya tumeanza bila kusubiri. Tumekubaliana kikundi chetu hakishuki tena ufukweni kusini ya Kigamboni. Tumechora kwa mkono ramani ya vijia tunavyovijua kati ya Tegeta na Boko, tukiweka alama nyekundu kwenye mashamba, makaburi, mikondo ya maji na sehemu watu wanapogonga mawe. Ramani hiyo ipo gereji kwangu ukutani, imeshachafuka na oili lakini inasomeka. Tumechanga pia mifuko minne ya saruji na nondo za kuanzia nguzo kumi za kwanza. Hatujui tuzisimike wapi, kwa sababu tukizisimika wenyewe tutakuwa tumevamia tena ardhi ya mtu.

Tunaomba ofisi moja itajwe kuwa ndiyo yenye jambo hili. Tulipojaribu kuuliza mwaka jana, tulitumwa kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, michezo wakasema ni ardhi, ardhi wakasema ni mazingira, mazingira wakasema ni usalama barabarani, na usalama barabarani wakasema, kwa usahihi kabisa, kwamba pale si barabarani. Itajwe ofisi, apangwe afisa, na afisa huyo aje siku moja tutembee naye kwa miguu ndani ya mashimo yale, kabla ya vuli kuanza, wakati ardhi bado ni kavu na alama za tairi zinaonekana. Nitafunga gereji siku hiyo. Ramani nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi pikipiki,
Tegeta, Dar es Salaam